Mashine ya betri, ya waya au ya petroli: ipi inafaa kukatia nyasi za nyumbani?

Anayetafuta mashine ya kukatia nyasi za nyumbani hujikuta mbele ya aina tatu: ya betri, ya waya unaochomekwa kwenye soketi, na ya petroli. Kwa kazi yenyewe ya kukata, zote ni za ukoo mmoja: kisu bapa huzunguka chini ya kifuniko, kwa kawaida mara zipatazo 3,000 kwa dakika, na ukoka ukishakatwa vizuri huwezi kuutazama ukajua kama kisu kilizungushwa na mota au na injini. Yanayotofautiana ni yale yanayokizunguka kisu hicho, yaani muda wa kufanya kazi bila kusimama, uzito, kelele, matunzo, na mahali nguvu inapotoka. Kwa sababu hiyo sioni busara ya kuanza kwa kuuliza mashine ipi ina nguvu zaidi. Maswali ya kwanza ni kiwanja kina ukubwa gani, kiko umbali gani kutoka kwenye soketi, na nyasi zake hukatwa kila baada ya muda gani. Watu wengi hununua nguvu ya kutosha shamba hali wana ukoka wa kuzunguka nyumba tu, kisha mashine nzito yenye matunzo mengi inakaa stoo huku nyasi zikirefuka.

Pima basi kabla ya kwenda dukani. Chukua futi ya kupimia, pima sehemu yenye nyasi peke yake, na uondoe njia, vitalu vya maua na eneo lililosakafiwa. Mashine inayotangazwa kuwa na upana wa kukata wa sentimita 40 hukata sentimita 35 hivi za nyasi mpya, kwa kuwa kila mstari sharti uupande kidogo ule uliotangulia ili pasibaki ukanda wa nyasi ndefu katikati. Kwa mwendo wa kutembea wa kilomita 3 kwa saa, hesabu ya karatasi inatoa mita za mraba zaidi ya 1,000 kwa saa. Lakini ukihesabu kugeuza, kuzunguka miti na kumwaga mfuko wa nyasi, makadirio ya kuaminika ni mita za mraba 600 hivi. Kwa hiyo ukoka wa mita za mraba 300 ni kazi ya nusu saa. Takwimu hiyo ndogo ndiyo itakayoamua mengi yanayofuata.

Lingine la kupima ni mazoea ya mwenye bustani. Kanuni inayofuatwa na watunza ukoka ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja: anayetaka ukoka wa sentimita 4 aukate unapofika sentimita 6. Mwenye kufuata kanuni hii hutoshwa hata na mashine ndogo, kwa kuwa kisu hukutana na majani machache na laini kila mara. Mwenye kusubiri hadi nyasi zifike magotini anahitaji mashine tofauti kabisa, na hata hiyo itamlazimu apite mara mbili, mara ya kwanza kisu kikiwa kimeinuliwa juu kabisa.

Mashine ya waya

Hii ndiyo nyepesi kuliko zote, na kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini. Nyingi zina mota ya wati 1,200 hadi 1,800 na uzito wa kilo 10 hadi 15, hivyo hata mtu asiye na nguvu nyingi anaweza kuinyanyua kwa mkono mmoja na kuitundika ukutani. Haina cha kuchaji wala cha kumiminwa. Ikihifadhiwa stoo miezi sita, siku utakapoitoa na kuichomeka itawaka kama ilivyowaka siku ya kwanza, jambo ambalo halina uhakika kwa mashine ya petroli na kwa mashine ya betri hutegemea ilivyohifadhiwa.

Kikwazo chake ni waya, na inafaa kukitazama kwa karibu badala ya kukitaja tu. Waya wa kurefusha umeme unaotumika nje uwe wa shaba yenye unene wa milimita za mraba 1.5 angalau, na ufunguliwe wote kutoka kwenye roli yake hata kama unahitaji nusu yake tu, kwa sababu waya uliozungushwa huku ukibeba mkondo mkubwa hukusanya joto na unaweza kuyeyusha ganda lake. Kadiri waya unavyorefuka na kuwa mwembamba ndivyo volti zinavyopungua kabla ya kufika kwenye mota. Mota inayopata volti pungufu huzunguka kwa shida, hupata joto, na mwishowe huungua. Ukipita mita 30 hivi, unene wa waya ni wa kuzingatiwa sana, na ukipita mita 50 ni heri kufikiria aina nyingine ya mashine. Soketi yenyewe ilindwe na swichi ya usalama inayokata umeme mara mkondo unapovuja kwa miliampea 30, maana ajali inayohofiwa zaidi ni kisu kupita juu ya waya. Pasipo swichi hiyo mimi nisingeipendekeza mashine ya waya kwa mtu yeyote.

Namna ya kutembea nayo huondoa sehemu kubwa ya hatari. Anzia upande ulio karibu na soketi, ukate mstari wa kwanza sambamba na ukuta wa nyumba, kisha kila mstari unaofuata uwe mbali zaidi na soketi kuliko ule uliopita. Waya hubaki nyuma yako daima, juu ya nyasi zilizokwisha kukatwa. Kila ugeukapo, upitishe upande wa pili wa mwili kwa mkono kabla ya kusukuma tena, na wengine huuning'iniza begani ili usiburute chini. Katika kiwanja cha mraba kilicho wazi jambo hili huzoeleka upesi. Katika bustani yenye miti sita, kitalu katikati na bembea ya watoto pembeni, waya hunasa kila baada ya hatua chache, na kazi ya robo saa hugeuka kuwa ya saa nzima. Aidha, mashine hii haitumiki mvua inaponyesha wala nyasi zinapokuwa na umande.

Mashine ya petroli

Lita moja ya petroli hubeba nishati inayokaribia kilowati-saa 9, na tangi la mashine ya nyumbani huchukua lita moja hivi. Hakuna betri ya mashine ya kusukumwa kwa mkono iliyo karibu na kiasi hicho. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya nishati hiyo hupotea kama joto kupitia bomba la moshi na mapezi ya injini, lakini kinachobaki kinatosha kufanya kazi saa nzima, na tangi likiisha hujazwa kwa dakika mbili. Injini za mashine hizi nyingi ni za mipigo minne zenye ujazo wa sentimita za ujazo 125 hadi 190, na zina kidhibiti mwendo kinachofungua koo la kabureta (sehemu inayochanganya petroli na hewa) mara tu kisu kinapolemewa. Ndiyo maana ukiingia kwenye kichaka cha nyasi ndefu utasikia mlio ukizama kidogo kisha kupanda tena bila injini kuzimika. Kwa nyasi nene, zenye unyevu au zilizoachwa muda mrefu, na kwa kiwanja kinachozidi mita za mraba 500 au 600, petroli bado ina nafasi yake.

Gharama ya nafasi hiyo hulipwa kwa matunzo, na hapa ndipo wanunuzi wengi hujidanganya. Oili ya injini, nusu lita au zaidi kidogo, hubadilishwa baada ya saa 5 za mwanzo, halafu kwa ratiba ya kitabu cha mashine, ambayo kwa injini nyingi ni kila saa 50 au kila msimu. Kichujio cha hewa husafishwa, plagi inayotoa cheche ndani ya injini hukaguliwa, na kamba ya kuwashia huchakaa. Linalosumbua kuliko yote ni petroli iliyolala. Baada ya siku 30 hivi petroli huanza kuharibika. Sehemu zake nyepesi huvukizwa, na kinachobaki huacha utando wa kunata kama gundi ndani ya tundu la kabureta, ambalo ni jembamba kiasi cha kuzibwa na chembe ndogo sana. Petroli iliyochanganywa na ethanoli hunyonya pia unyevu kutoka hewani, na watengenezaji wengi wa injini hizi hawaruhusu mchanganyiko wenye ethanoli zaidi ya asilimia 10. Dalili yake inajulikana: mashine iliyokuwa nzima msimu uliopita huvutwa kamba mara nyingi, hunguruma kidogo na kuzima. Atakayeihifadhi kwa muda mrefu amwage petroli yote au aiache injini iwake mpaka imalize iliyomo kwenye kabureta.

Kuna hatari tatu ambazo hazipaswi kuchukuliwa kwa wepesi. Moshi wa injini una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua, hivyo mashine isiwashwe ndani ya stoo au gereji hata mlango ukiwa wazi. Petroli isiongezwe injini ingali moto. Na kabla ya kugusa kisu, waya wa plagi uchomolewe, kwa sababu kuzungusha kisu kwa mkono huzungusha injini, na injini inaweza kuwaka. Ukiilaza ubavu ili kuisafisha, upande wenye kichujio cha hewa na kabureta uwe juu. Ukiilaza kinyume, oili itaingia kwenye kichujio na siku inayofuata mashine itatoa moshi mweupe mwingi.

Jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2021 iliyoelekeza kwamba injini ndogo mpya za aina hii zinazouzwa humo ziwe zisizotoa moshi, na kanuni zake zilianza na mashine za mwaka 2024. Mnunuzi wa mahali pengine hafungwi na sheria hiyo, lakini inaonyesha mahali watengenezaji wanakoelekeza fedha na ubunifu wao.

Mashine ya betri

Hapa panahitaji hesabu zaidi, kwa kuwa matangazo ya betri huficha mengi kuliko yanavyofichua. Volti peke yake haisemi mashine itafanya kazi kwa muda gani. Kipimo kinachofaa ni wati-saa, na hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri. Betri ya volti 36 na ampea-saa 5 ina wati-saa 180. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 4 ina wati-saa 72 tu, na ndiyo maana mashine nyingi za mfumo huo huwekwa betri mbili kwa pamoja. Uwe macho pia na namna volti zinavyoandikwa: betri yenye seli 10 za lithiamu, kila moja ikiwa na volti 3.6, ni ya volti 36, lakini kampuni nyingi huiita ya volti 40 kwa kuhesabu kilele cha chaji. Hakuna udanganyifu wa moja kwa moja, ila mtu akilinganisha 36 ya huyu na 40 ya yule atadhani kuna tofauti ambayo haipo.

Mashine ya upana wa sentimita 40 ikikata nyasi za kawaida hula wastani wa wati 400 hivi. Kwa betri ya wati-saa 180 hiyo ni chini kidogo ya nusu saa, yaani takriban mita za mraba 270 kwa mwendo tuliouhesabu mwanzoni. Nyasi zikiwa ndefu au zimelowa, mota huvuta umeme mwingi zaidi ili kisu kisipungue mwendo, na muda huo unaweza kupungua hadi nusu. Tofauti na petroli, ambapo nyasi ngumu humaanisha mafuta kidogo zaidi, kwa betri humaanisha kusimama katikati ya kiwanja na kusubiri. Chaja ya ampea 2 huchukua zaidi ya saa mbili na nusu kuijaza betri ya ampea-saa 5. Ya ampea 5 huchukua saa moja na kitu. Kwa hiyo mwenye kiwanja cha mita za mraba 300 na kuendelea anunue betri mbili au moja kubwa zaidi tangu mwanzo, na aulize ampea za chaja kabla ya kulipa, maana chaja ya polepole ndiyo huwekwa mara nyingi ndani ya boksi la bei nafuu.

Faida zake ni za kweli. Hakuna waya wa kuchunga, hakuna moshi, hakuna kamba ya kuvuta. Ukibana kishikio inawaka, ukiachia inazima, na kwa hiyo unaweza kuzima kila unapookota jiwe au tawi bila kuchoka. Kwa umeme wa soketini, kujaza betri hiyo ni kama moja ya tano ya uniti, ilhali mashine ya petroli ingetumia karibu nusu lita kwa kipindi kama hicho. Mahali ambapo umeme hukatika ina faida nyingine juu ya mashine ya waya, kwa kuwa huchajiwa umeme ukiwepo na kutumiwa wakati wowote.

Udhaifu wake ni kwamba betri ni sehemu inayokwisha. Seli za lithiamu hudumu kwa mizunguko mamia kadhaa ya kuchajiwa kabla uwezo wake haujapungua kwa kiasi cha kuonekana, na kinachozichakaza haraka kuliko matumizi ni joto. Isiachwe juani, isichajiwe mara tu itokapo kazini ingali moto, wala isichajiwe kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0. Ikiwa haitatumika kwa miezi kadhaa, ihifadhiwe mahali pa baridi kiasi ikiwa na chaji ya nusu hivi, kwa kuwa kukaa ikiwa imejaa pomoni huizeesha na kukaa ikiwa tupu kunaweza kuiua kabisa. Betri mpya ni sehemu kubwa ya bei ya mashine nzima. Ndiyo sababu mimi huthamini zaidi mfumo ambao betri yake inaingia pia kwenye keekee, msumeno na mashine ya kupunguzia ua wa miti, na ambao umekuwa sokoni kwa miaka, kuliko mashine nzuri ya kampuni ambayo huenda haitauza betri hiyo miaka mitano ijayo.

Kelele, uzito na mteremko

Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2000 kuhusu kelele za mitambo ya nje, uliweka kikomo cha desibeli 96 za nguvu ya sauti kwa mashine zenye upana wa kukata usiozidi sentimita 50. Nyingi za petroli hukaribia kikomo hicho, na zile za umeme kwa kawaida huwa chini yake kwa desibeli kadhaa. Desibeli hazihesabiwi kama kilo: pungufu la desibeli 10 ni nishati ya sauti moja ya kumi, na sikio huisikia kama nusu ya kelele. Anayeishi ukuta kwa ukuta na jirani, au mwenye mtoto mchanga anayelala mchana, alipe jambo hili uzito mkubwa kuliko nguvu ya injini. Anayetumia petroli avae vizuia sauti masikioni.

Kwa uzito, petroli ya upana wa sentimita 46 hadi 51 huwa na kilo 25 hadi 40, na ya betri huangukia katikati, kilo 15 hadi 25. Nyingi za petroli na baadhi za betri hujiendesha kwa magurudumu, na hilo husaidia, ila hazinyanyuki zenyewe kwenye ngazi. Kwenye mteremko, mashine yoyote ya kusukuma ipelekwe ikikatiza mteremko na si kupanda na kushuka, ili mguu ukiteleza usiende chini ya kifuniko. Mteremko ukizidi nyuzi 15 hivi usikatwe kwa mashine ya kusukuma ya aina yoyote, na kwa petroli kuna sababu ya ziada: injini ikilala sana, oili huenda isifike inakopaswa.

Uamuzi

Kwa ukoka usiozidi mita za mraba 150, ulio wazi na wenye soketi karibu, ningechukua ya waya bila kusita. Pesa inayobaki inunue waya bora na swichi ya usalama. Kuanzia hapo hadi mita za mraba 500 au 600, au hata kwa kiwanja kidogo chenye miti mingi, ya betri ndiyo inayofaa watu wengi, mradi ukubwa wa betri uhesabiwe kwa wati-saa. Zaidi ya hapo, au pasipo umeme wa kutegemewa kabisa, au kwa nyasi zinazokatwa kwa nadra, petroli, kwa sharti kwamba yupo mtu atakayeifanyia matunzo.

Dukani, kagua mambo ambayo hayaandikwi kwenye boksi. Inua na ushushe kimo cha kukata: kuna wenzo mmoja unaobadilisha magurudumu yote manne, au itakubidi ubadilishe moja moja? Kunja mpini uone kama mashine itaenea mahali ulipopanga kuiweka. Vuta kishikio na ukiachie uhisi kama kinarudi kwa wepesi, kwa kuwa hicho ndicho kinachosimamisha kisu. Kanuni za Marekani tangu mwaka 1982 zinataka kisu kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya kishikio kuachiwa. Uliza kama kisu cha akiba kinapatikana na kinafunguliwa kwa spana ya kawaida, maana kisu kisichonolewa hukwanyua jani badala ya kulikata. Wiki ya pili baada ya kununua, inama utazame ncha za majani: ncha iliyokatwa kwa kisu kikali ni nyoofu na ya kijani, na iliyokwanyuliwa ina nyuzinyuzi zinazogeuka rangi ya majani makavu siku moja au mbili baadaye, hadi ukoka mzima ukaonekana umepauka. Ukiona hivyo, noa kisu kwanza kabla ya kuilaumu mota, na kabla ya kukinoa, chomoa waya kwenye soketi, toa betri, au vuta waya wa plagi.